Umeme wa kinyesi cha ng'ombe: namna ya kuupata bila ya kujidanganya

Kila anayekuja kwangu akaona jiko la bayogesi, yaani gesi inayotokana na kinyesi, linawaka huuliza suala lile lile: "Sasa hii haiwezi kuwasha na taa?" Inaweza. Lakini jibu lina mkia mrefu, na wengi huondoka na kichwa chake tu, wakaenda mjini kununua jenereta kabla ya kupima ndoo moja ya kinyesi. Mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo, na jenereta yangu ya mwanzo haikumaliza miezi minne. Nitaeleza huko mbele kilichoiua.

Mwongozo huu ni wa mfugaji wa Pemba mwenye ng'ombe watano au zaidi bandani. Nimeuandika kwa mpangilio ninaotamani ningeufuata: kwanza hesabu, halafu shimo (ndio mtambo wenyewe unaogeuza kinyesi kuwa gesi), halafu gesi, na jenereta mwisho kabisa.

Anza na daftari

Andika unachotaka kukiwasha, wati zake na saa zake. Nyumba ya kawaida: taa tano za LED za wati 9 kwa saa tano, televisheni ya wati 60 kwa saa nne, na simu nne za kuchaji. Jumla yake ni takriban wati-saa 500, yaani nusu ya uniti. Uniti hiyo ni hii hii unayonunua kwa ajili ya mita yako. Ukitia friza la kugandishia maziwa, ongeza uniti moja nzima kwa siku, na pengine zaidi kwa joto letu la kaskazi.

Sasa rudi kwenye gesi. Jenereta ndogo inayotumia bayogesi hula karibu mita moja ya ujazo kwa kila uniti inayotoa. Kwenye karatasi za wauzaji utaona nusu ya hiyo. Hizo ni injini kubwa za mashamba ya Ulaya, si hii yetu ya kuvuta kamba.

Halafu rudi kwa ng'ombe. Kilo moja ya kinyesi kibichi hutoa lita 35 hadi 40 za gesi. Ng'ombe wa maziwa wa mchanganyiko anayelishwa bandani mchana na usiku utamkusanyia kilo 12 kwa siku bila taabu. Ng'ombe wa kienyeji anayefungwa malishoni asubuhi na kurudi jioni hukuachia kama kilo tano tu za usiku. Jirani mmoja alinijia akitamba.

"Ami, mimi ninao wanane."

"Wanalala wapi?"

"Wako huko huko bondeni, ami, nawahamisha kamba tu."

"Basi na gesi yako iko huko huko bondeni."

Tuchukue ng'ombe watano wa bandani. Kinyesi kilo 60, gesi mita za ujazo 2.2 hivi kwa siku. Familia ya watu sita au saba hupikia mita moja na kidogo. Inabaki mita moja, yaani uniti moja ya umeme. Unapata taa, televisheni, simu, na nusu saa ya pampu ya maji. Friza hupati. Ukitaka friza tafuta ng'ombe watano wengine, au acha kupikia gesi, na hilo la pili usilithubutu mbele ya mama watoto. Ameshaonja jiko lisilo moshi, hatorudi kwenye makumbi.

Na nikwambie jambo ambalo fundi wa bayogesi hatokwambia: ukitaka taa na simu tu, nunua sola. Ni rahisi, haina oili wala tope. Jenereta ya bayogesi ina maana pale unapokuwa na mashine yenye mota, kama pampu ya kisima, mashine ya kukatia majani au ya kukunia nazi za biashara, au pale masika yanapofunga jua siku nne mfululizo na betri za sola zimelala. Nasi hapa tunajua kukaa bila umeme. Mpaka 2010, ulipolazwa waya wa baharini kutoka Tanga, kisiwa kizima kilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Ndugu zetu wa Unguja, wenye waya wao tangu 1980, ulipowaharibikia Disemba 2009 walikaa gizani miezi mitatu. Chanzo cha pili nyumbani si anasa.

Maji kabla ya shimo

Kinyesi kinachanganywa na maji sawa kwa sawa. Kilo 60 za kinyesi, lita 60 za maji, ndoo tatu kubwa kila siku ya Mungu, Ijumaa na sikukuu. Kama maji hayo yatabebwa kichwani na mabinti kutoka bombani kwa jirani, mtambo utakufa ndani ya mwaka. Nimeona mitambo mizuri imegeuka dimbwi la vyura kwa sababu hiyo tu. Mkojo wa ng'ombe unaweza kushika nafasi ya sehemu ya maji, kwa hivyo sakafu ya banda iwe ya saruji na iwe na mteremko wa kuelekea kwenye tundu la kuingizia. Maji ya mvua kutoka kwenye bati yanafaa sana. Maji ya chumvi hayafai.

Kinachoingia na kisichoingia

Hapa ndipo Pemba inapotofautiana na vitabu.

Ndani ya mtambo kuna vijidudu visivyotaka hewa, na kazi yao ni kula kinyesi na kutoa gesi. Walishe kama unavyomlisha ng'ombe: kila siku, kwa kiasi, na usiwageuzie chakula ghafla. Kinyesi cha ng'ombe ndicho ugali wao. Mboga zake ni maganda ya ndizi, maganda ya muhogo, mapapai yaliyooza, mabaki ya fenesi, maji yaliyooshea wali na mchele. Vikatekate vidogo, na visizidi ndoo moja kwa ndoo saba au nane za kinyesi. Msimu wa embe watu hupata tamaa, wakamimina mikokoteni ya maembe yaliyoanguka. Siku mbili gesi inapanda kweli. Ya tatu tope linanuka uchachu, ya nne moto unazimika. Sukari nyingi imegeuka asidi na vijidudu vimelemewa. Dawa yake ni kusimamisha kulisha kwa siku nne tano, kisha kuanza tena na kinyesi kitupu kidogo kidogo.

Sasa karafuu. Utafikiri makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanavyojaa kila uani wakati wa mavuno, yangekuwa chakula kizuri cha mtambo. Usitie hata konzi moja, wala majani ya mkarafuu. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, kile kinacholitia ganzi jino ukilitia karafuu, na kitu hicho huua vijidudu. Kinywani ni dawa, ndani ya mtambo ni sumu. Makonyo yako yapeleke Kiwanda cha Makonyo pale Wawi yakamuliwe mafuta, upate na pesa. Maganda ya machungwa nayo vivyo hivyo: mafuta yaliyomo kwenye ganda huwadhuru vijidudu, kwa hivyo mpe ng'ombe mwenyewe au yatie kwenye jaa.

Makumbi, vifuu, kumvi za mpunga na makuti havina sumu, ila haviozi. Vijidudu hawa hawali mti. Utaviingiza leo na miaka mitatu baadaye utavikuta vimeziba bomba. Vitu vikavu vya namna hiyo vina njia yake nyengine ya kutolewa gesi, ya kuvichoma kwenye tanuri lenye hewa haba, lakini gesi inayotoka huko ina kaboni monoksaidi inayoua bila ya harufu. Hiyo ni kazi ya fundi aliyeisomea, na sitaieleza hapa.

Kitu cha mwisho: ng'ombe akipigwa sindano ya antibayotiki, kinyesi chake kiweke kando wiki nzima. Na banda usilioshe kwa sabuni ya unga wala dawa ya kuulia wadudu ikateremkia kwenye tundu.

Mahali pa kuchimba

Chagua penye jua, chini kidogo ya banda, ili kinyesi kiteremke chenyewe. Kisima kiwe mbali kwa mita 15 angalau. Usichimbe karibu na mwembe au mfenesi, mizizi yake hupasua kuta. Vilima vyetu vya Pemba vina udongo mzito unaoshika vizuri na kuchimbika, lakini shuka bondeni kwenye mashamba ya mpunga na maji yatakukuta kwenye mita moja na nusu. Maji hayo huusukuma mtambo mtupu juu kama ngalawa. Ukiwa Unguja kwenye maweni, usipoteze nguvu kulivunja jiwe. Nunua mtambo wa mfuko wa plastiki nzito ulazwe kwenye handaki fupi.

Ujenzi

Hapa sitokawia, kwa sababu sitaki ujenge mwenyewe. Mtambo unaodumu ni wa kuba, uliojengwa chini ya ardhi kwa matofali na saruji, na kuba lile ndilo linaloshika gesi. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini cha Arusha, kilirekebisha muundo wake kwa mazingira ya Tanzania na kuuwekea mshipi dhaifu pale chini, ili ufa ukitokea usimame hapo na usipande juu kwenye gesi. Tafuta mwashi aliyewahi kujenga mmoja unaofanya kazi, nenda ukauone unawaka, na umuulize mwenye nyumba, si mwashi.

Ukubwa wenyewe unaupata hivi: tope la siku moja zidisha kwa siku 50. Kwa mfano wetu, lita 120 kwa siku 50 ni lita 6,000, na juu yake nafasi ya gesi. Mtambo wa mita za ujazo 9 unatosha.

Simamia mambo mawili. Mchanga usiwe wa pwani, chumvi yake hula saruji. Na lipu ya ndani ya kuba ipigwe tabaka baada ya tabaka, ikiwa na dawa ya kuzuia maji, bila ya kuruka siku. Mwashi atakayekwambia "inatosha hii" baada ya tabaka mbili, mpe chai umbakishe.

Kuujaza na kusubiri

Jaza kinyesi na maji mpaka tope lifunike tundu la bomba la kuingizia kwa ndani. Kwa ng'ombe watano pekee utachukua wiki nyingi, kwa hivyo anza kukusanya wakati mwashi bado yuko kazini, na uombe kwa majirani. Ukipata ndoo kumi za tope kutoka mtambo unaofanya kazi, mimina. Hiyo ndiyo hamira.

Gesi ya mwanzo haiwaki. Ni hewa ukaa zaidi, tena imechanganyika na hewa ya kawaida iliyobaki ndani. Iachie itoke nje mara mbili tatu, mbali na moto na sigara. Methani, ndiyo sehemu ya bayogesi inayowaka, ikiwa baina ya asilimia 5 na 15 ya hewa hulipuka, kwa hivyo katu usijaribu kuwasha kibiriti kwenye bomba linalotoka kubani. Jaribu jikoni tu, kwenye jiko lenyewe. Kwa joto letu, wiki ya tatu au ya nne utaona mwako wa buluu.

Watakuja kukuuliza pia kama chakula kilichopikwa kwa gesi ya kinyesi kina najisi. Mimi si mwanachuoni. Nilimuuliza sheikh wangu, nawe kamuulize wako kabla mama mkwe hajakuuliza.

Bomba, maji na mfuko

Bayogesi hutoka na mvuke. Mvuke ukipoa bombani unakuwa maji, maji yanakaa pale bomba linapobonyea, na gesi inakwama. Laza bomba kwa mteremko wa kurudi kubani, na mahali pa chini kabisa weka tawi lenye koki ya kumwagia maji. Kila kiungo kipake povu la sabuni. Likitoa mapovu, funga upya. Weka na kipimo cha presha cha kienyeji: mpira unaoonekana ndani, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji ya rangi. Sentimita za maji zinazopanda upande mmoja ndizo presha yako, na kila asubuhi utajua una gesi kiasi gani bila ya kubahatisha.

Kuba hushika gesi ya nusu siku hivi. Ikijaa, inayozidi hupotea. Jenereta inataka mita nzima kwa mpigo mmoja, hivyo unahitaji mfuko wa akiba wa turubai zito la plastiki. Mfuko wa duara, wenye kipenyo cha mita moja ukijaa na urefu wa mita mbili na nusu, unashika karibu mita mbili za ujazo. Uning'inize au ulaze chini ya kibanda chenye kivuli na upepo, jua lisiule, na panya wasiufikie. Juu yake weka ubao mwepesi usukume gesi kidogo. Usimsikilize kijana anayetaka kuisindilia gesi kwenye mtungi wa kupikia kwa kompresa ya friji. Mtungi ule haukutengenezewa hivyo, na kompresa ile hutoa cheche.

Chujio: kilichoiua jenereta yangu

Ndani ya bayogesi kuna kiasi kidogo cha haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Jikoni haikusumbui sana, inaungua. Ndani ya injini inaungua ikawa asidi, asidi inaingia kwenye oili, na oili inakwenda kulamba kila kipande cha shaba na bronzi kilichomo. Jenereta yangu ilianza kwa kukohoa, ikafuatia kutoa oili nyeusi kama lami baada ya wiki mbili, na siku moja ikakamata kabisa. Fundi aliyeifungua alinionyesha beringi zimeliwa kama sukari iliyolowa.

Nilikuwa nimeweka chujio, tena kwa fahari. Nilijaza bomba nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Nilinunua zile zinazong'aa, zisizoshika kutu, kwa sababu zilionekana bora. Kutu ndiyo dawa yenyewe! Haidrojeni salfaidi hunaswa na kutu. Chuma kisichoshika kutu hakinasi kitu. Nilikuwa nimeipitisha gesi kwenye mapambo.

Lifanye hivi. Chukua bomba la plastiki la inchi nne, urefu wa mita moja, lenye vifuniko vinavyofunguka pande zote. Nunua nyuzi za chuma zile za rahisi, zinazoota kutu ukiziacha karoni usiku mmoja, au omba vumbi na vinyweleo vya chuma kwa fundi wa kuchomelea. Zilowanishe kwa maji ya chumvi, zitandaze, zigeuze kwa siku nne tano mpaka ziwe rangi ya udongo. Zikikauka, zijaze ndani ya bomba bila ya kuzishindilia. Lisimamishe wima, gesi iingie chini itokee juu. Fundi mzuri ataweka mawili yaliyofuatana.

Utajuaje limechoka? Kutu nyekundu ikinasa hugeuka nyeusi, na weusi hupanda kutoka chini. Weka pia baada ya chujio kipande cha mpira unaoonekana ndani, chenye waya wa shaba uliosuguliwa ukang'aa. Waya ukiwa mweusi, gesi inapita na uchafu wake.

Na hapa sikiliza vizuri. Zile nyuzi nyeusi ukizitoa zikakutana na hewa, hupata moto zenyewe, na zinaweza kuwaka. Zitolee nje, zimwagie maji papo hapo, zitandaze kwenye mchanga mbali na makuti. Baada ya siku kadhaa zitarudi kuwa nyekundu na unaweza kuzitumia tena mara mbili tatu. Usizitie kwenye pipa la taka karibu na jiko.

Usipime gesi kwa pua. Ikiwa nyingi, haidrojeni salfaidi huua hisia ya kunusa kwanza. Unafikiri imekwisha, kumbe ndiyo imezidi.

Jenereta

Nunua ya petroli, ya mipigo minne. Zile ndogo za kuchanganya oili na petroli hazifai. Jenereta ya wati 3,000 ukiipa bayogesi tarajia 2,000, kwa sababu gesi yetu ni methani asilimia 60 hivi na iliyobaki ni hewa ukaa isiyoungua. Hiyo hewa ukaa huna haja ya kuitoa, injini inaivumilia. Aliye na mashine ya dizeli anaweza kuichanganyia gesi, lakini dizeli kidogo itabidi iendelee kuingia ili iwashe. Matumizi ya dizeli hayatokwisha kabisa.

Baina ya chujio la hewa na kabureta, weka kipande cha bomba chenye tawi. Tawi hilo ndilo la gesi, la nusu inchi, na juu yake koki inayogeuka taratibu. Fundi wa pikipiki anaweza kukutengenezea. Injini inataka takriban sehemu sita za hewa kwa sehemu moja ya gesi, na mkono wako kwenye koki ndio utakaopata uwiano huo.

Kuwasha ni hivi: anza na petroli, iache dakika tatu ipate joto bila ya mzigo. Funga koki ya petroli. Kabureta inapokaribia kukauka, injini itaanza kupanda na kushuka sauti. Hapo hapo fungua gesi kidogo kidogo mpaka sauti itulie. Ikizima, umechelewa au umefungua mno. Usikasirike, kila mtu huzima mara kumi siku ya kwanza. Ikitulia, tia mzigo kidogo, rekebisha koki, tia mwengine.

Kuzima: toa mzigo, funga gesi, fungua petroli, iache iende dakika mbili kwa petroli kabla ya kuizima. Dakika mbili hizo huondoa mabaki ya gesi na asidi yasilale ndani usiku kucha.

Oili ibadilishe kila baada ya saa 50, hata kama kitabu chake kimeandika 100. Mimi nimeninginiza daftari na kalamu kwa uzi kwenye ukuta wa kibanda, kila anayewasha anaandika saa. Watoto wa skuli ndio waaminifu zaidi kwa hilo.

Kibanda chake kiwe mbali na nyumba na mbali na mfuko wa gesi, wazi pande mbili. Upepo wetu una chumvi, kwa hivyo jenereta ifunike kipindi isipotumika.

Ipe kazi

Jenereta inayowasha taa tano inakula gesi karibu sawa na ile inayovuta pampu. Ndiyo maana wanaoiacha ikivuma jioni nzima kwa televisheni huona mfuko umelala kabla ya taarifa ya habari. Iwashe saa moja tu kwa siku, na saa hiyo uipe kazi ya kweli: chaja ya betri wati 600, na nusu saa ya pampu ya wati 750. Hiyo ni karibu uniti moja, mita yako moja ya gesi. Usiku taa zitakula betri.

Betri za asidi hazimezi umeme haraka. Moja ya ampea-saa 100 ukiilazimisha saa moja haitojaa, itachemka. Weka mbili zilizoungwa sambamba, kila moja ipokee ampea 20 hivi, na usizitumie chini ya nusu yake, zitadumu. Zikae penye hewa.

Kama nyumba ina umeme wa shirika, usiunge jenereta kwenye soketi ya ukutani. Umeme utarudi kwenye nguzo ukamuue fundi aliyepanda akidhani laini imekufa. Fundi umeme mwenye leseni akuwekee swichi ya kubadilishia, yenye upande mmoja tu kwa wakati mmoja.

Usiingie shimoni

Mtambo ukiziba, usimteremshe mtu ndani, hata ukiwa umefunguliwa siku mbili, hata akiwa amefungwa kamba. Humo hamna hewa ya kupumulia. Anayeanguka hufuatwa na anayekwenda kumwokoa. Ita fundi mwenye vifaa, au uzibue kwa mti mrefu kutoka juu.

Tope linalotoka

Kinachotoka upande wa pili kimeshapoteza gesi tu. Mbolea iko pale pale, na nzi hawaipendi. Mimi naielekeza kwa mfereji kwenye migomba, na inayobaki naibeba kwa ndoo kwenye majani ya tembo ya ng'ombe hao hao. Kwa mchicha na mboga zinazoliwa mbichi iache ikauke kwanza. Ukiona limeanza kutoka na mapovu mengi na harufu kali, maana yake unalisha kupita kiasi au maji ni mengi, na gesi inamalizikia uani badala ya kubani. Punguza ndoo moja, subiri wiki, uangalie tena ule mpira wa herufi U.